Kiti Kilichokataa Kutoka

Kwa miaka saba kiti cha boti kililala nyumbani kwa Mughwai Ntandu. Majirani walimtania kwamba ameoa mke wa pili mwenye mguu mmoja, naye alicheka pamoja nao, kisha akaingia ndani kukipangusa. Mkewe, alipokuwa hai, alikuwa akikikalia jioni akichambua mboga, na alisema hakuna mwanamke kandokando ya Ziwa Singidani mwenye kiti cha serikali isipokuwa yeye.

Kiti chenyewe hakikuwa cha kujivunia. Kilikuwa na kikalio cha mbao na egemeo fupi, na chini yake bomba la chuma lililofika gotini. Bomba hilo ndilo lililokuwa mguu wake. Mguu uliingia ndani ya kikombe cha bati nene, na kikombe kilifungwa kwa boliti kwenye sakafu ya boti ya zahanati, katikati kabisa, mahali ambapo boti ilikuwa pana kidogo. Siku za kawaida muuguzi alikaa hapo akiwa na sanduku lake la chanjo. Siku ya mgonjwa mahututi kiti kilinyofolewa, machela ikalazwa mahali pake, na mgonjwa akavushwa amelala hadi upande wa mjini, hospitalini. Boti ilikuwa nyembamba, na machela haikuweza kuingia kiti kikiwapo. Basi kazi yote ya Mughwai, ukiacha kuendesha mashine, ilikuwa hiyo moja: kiti kitoke pale kinapotakiwa kutoka.

Na si kazi ndogo kama mtu anavyoweza kudhani. Maji ya Singidani si ya kunywa. Yana chumvi na magadi, yanakula misumari, yanakula ndoo, na nimeona mnyororo wa ng'ombe uliosahaulika ufukoni ukivunjika mkononi kama mkate mkavu. Bruda wa misheni aliyeileta boti ile, siku alipomkabidhi Mughwai, alimkalisha chini akamweleza kwamba chuma cha mguu na bati la kikombe ni vitu viwili visivyopatana, na vikikaa pamoja kwenye unyevu wa chumvi huota ukoko katikati yake, vikashikana hata nyundo isivitenganishe. Kwa hiyo kiti kisilale botini hata siku moja. Kila jioni king'olewe, mguu usuuzwe kwa maji ya kisima, kikombe kipanguswe ndani mpaka tambara litoke kavu, pakianza wekundu papigwe msasa, kisha mguu upakwe grisi nyembamba. Asubuhi kirudishwe, na kabla ya kukaliwa kizungushwe mara moja kulia na mara moja kushoto.

Mughwai hakusoma zaidi ya darasa la pili, lakini maneno yale aliyashika kuliko wengine walivyoshika katekisimu. Grisi ilipokosekana, alipaka mafuta ya mkia wa kondoo yasiyotiwa chumvi. Alipougua homa alijikokota hadi ufukoni akikohoa, akang'oa kiti chake, akarudi nacho kitandani. Mtu wa namna hiyo hapendezi kuishi naye, lakini boti inampenda.

Faida yake ilionekana mwaka binti yake Marietha alipojifungua mtoto wa kwanza. Marietha ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto wanne wa Mughwai, na alikuwa ameolewa ng'ambo ya ziwa na kijana mmoja mpole aitwaye Manase. Uchungu ulimpata vibaya, damu ikamtoka kabla ya mtoto, na Dorkas, muuguzi wa zahanati ya ng'ambo, akasema alazwe, asikunjwe, asiinuliwe kichwa. Mughwai alikitoa kiti kabla watu hawajamaliza kuteremsha machela begani. Binti akavuka amelala, akafika mzima, akazaa msichana, wakamwita Sara. Baada ya hapo Dorkas alimwambia Mughwai wazi kwamba mimba nyingine ya Marietha itakuja na shida ileile, na kwamba njia yake ya kwenda hospitalini itakuwa sakafu ya boti hiyo.

Mughwai alilijua jambo hilo kama anavyojua jina lake. Nalisema mapema ili asije mtu akamtetea kwamba hakujua.

Ikaja Operesheni. Mwaka ule watu walihamishwa kutoka kwenye matembe yao yaliyotawanyika, wakapangwa katika vijiji, na ng'ambo ya ziwa kikazaliwa kijiji kipya chenye nyumba zilizonyooka kwa kamba na shamba moja kubwa la wote. Manase na Marietha walihamia humo mwezi wa nane, wakajenga nyumba iliyokuwa bado haina mlango upande mmoja. Kufikia mwezi wa kumi habari ikavuka ziwa kwamba Marietha ni mjamzito wa miezi sita. Mughwai alimshukuru Mungu, kisha usiku kucha hakupata usingizi.

Mwezi uohuo Ndugu Chrispin alishuka ufukoni. Alikuwa ofisa kijana aliyepewa kazi ya kuandaa ziara ya mgeni mkubwa kutoka Dodoma, ambaye angekuja kukizindua kijiji kile na kuvushwa kwa boti ili wapiga picha wapate picha. Chrispin hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia Mughwai shikamoo kwa heshima zote, akavua viatu, akaingia botini, akakaa kwenye kiti cha katikati. Kiti kikacheza. Kilicheza kidogo tu, kama kinavyocheza kila kitu kilichopakwa grisi na kinachotoka kila siku, lakini Chrispin aliruka akasimama.

Akasema mgeni ni mtu mnene, na akipepesuka mbele ya kamera atakayeulizwa ni yeye Chrispin. Akauliza kama kiti kinaweza kukazwa kisitikisike hata kidogo. Mughwai alimweleza kwa nini kinacheza, akamweleza habari ya machela na chumvi. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akasema anaelewa, ila ni kwa siku mbili tatu tu, mgeni akiondoka mzee atarudia utaratibu wake.

Hapo ndipo Mughwai angeweza kusema haiwezekani. Ofisa yule hakujua lolote la vyuma, angekubali, angemtafutia mgeni kigoda. Lakini Mughwai alikuwa mkulima kabla hajawa mwendesha boti, na mkulima wa Singida ukimwonyesha kitu kinacholegea ndani ya tundu lake, mikono yake inajibu kabla ya kinywa. Jembe likicheza kwenye mpini, unakata kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe, unakivisha kichwa cha mpini, unagonga, halafu unaliloweka majini usiku kucha. Ngozi inavimba, mti unavimba, na jembe haliachi mpini mpaka msimu uishe. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia.

"Naweza," alisema Mughwai.

Akakata ukanda wa ngozi, akauzungusha kwenye mguu wa kiti, akautumbukiza kikombeni kwa nguvu, akagonga kwa gogo mpaka ukakaa chini kabisa. Kisha akamwagia maji. Akayateka ziwani, kwa sababu ziwa lilikuwa karibu na kisima kilikuwa mbali.

Kesho yake Chrispin alikaa, akajitikisa kwa mapaja, akasimama juu ya kiti kwa miguu yote miwili. Kiti kilikuwa kimetulia kama kisiki. Aliwaita wenzake waje waone, akasema mbele yao kwamba taifa linahitaji mafundi wa namna hii, wasiongojea vipuri kutoka nje. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mughwai alirudi nyumbani siku hiyo akitembea katikati ya barabara, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka saba kurudi mikono mitupu.

Mgeni hakuja. Ikaletwa habari kwamba atakuja juma lijalo, kisha mwisho wa mwezi, kisha wakati wowote. Hilo la wakati wowote ndilo lililoharibu kila kitu, maana Chrispin aliagiza boti ikae tayari muda wote, kiti kisiguswe. Mughwai alitii. Kila jioni alishuka ufukoni kwa mazoea, akakitazama kiti kimesimama peke yake botini, akaondoka. Nyumbani pembe ya chumba kilipokuwa kikilala kiti ilibaki tupu, na alikuwa akiikwepa anapopita gizani ingawa hakukuwa na kitu cha kujikwaa.

Mvua zilianza mapema, nzito. Mbuga iliyo upande wa kaskazini ikajaa, barabara ya kuzunguka ziwa ikawa tope la kumeza gurudumu la trekta, na sasa boti ikawa njia pekee kati ya kijiji kipya na mji. Wagonjwa wawili walivushwa mwezi ule, mmoja wa jino na mmoja wa kidonda, wote wakiwa wamekaa. Mughwai aliliona hilo kama rehema, akajua pia kwamba rehema ina mwisho.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili alishindwa kuvumilia. Alikwenda alfajiri, akakishika kiti kwa mikono miwili, akakizungusha kulia. Hakikwenda. Akakizungusha kushoto. Akakikumbatia, akakivuta juu mpaka mgongo ukalia. Aliinama akaona kwamba pale mguu unapoingia kikombeni palikuwa na ukingo mweupe, mgumu kama ukoko wa ugali, na chini yake wekundu ukichungulia. Ngozi ilikuwa imekunywa maji ya ziwa wiki baada ya wiki, na chumvi ilikuwa imeota humo ndani.

Alifikiri kwenda kwa fundi wa karakana mjini, kikombe kifunguliwe boliti zake kwa chini na kiti king'olewe pamoja nacho. Ingekuwa kazi ya siku nzima, boti ikiwa juu ya magogo. Lakini ingebidi amwambie Chrispin kwa nini boti haipo majini, na amwambie fundi ni nani aliyeweka ngozi ndani ya chuma, yeye ambaye kwa miaka saba aliwafundisha vijana wa mjini kwamba kiti hakilali botini. Alijiambia mgeni atakuja wiki hii, akiondoka nitashughulika. Alijiambia Marietha bado ana wiki tano, na Manase ameahidi kumvusha mapema, mara tu zamu za kupanda shamba la wote zitakapokwisha, akae kwa baba yake akingojea siku zake. Akapaka mafuta ya kondoo juu ya ule ukingo mweupe, mahali ambapo hayakuweza kusaidia kitu, akaenda zake. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humfichua, nasi sote tunaujua msemo huo, na kila mmoja wetu anadhani ulitungwa kwa ajili ya jirani.

Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na mlingoti, na kukiwa na mgonjwa wa kuvushwa amelala walipandisha shuka jeupe. Siku ya tatu ya mwezi wa kwanza, kama saa tatu asubuhi, shuka lilipanda.

Mughwai aliliona akiwa mlangoni. Alikimbia, mzee wa miaka hamsini na minne, akafika botini akihema, na kabla ya kugusa mashine akakigusa kiti. Akavuta. Akachukua gogo akapiga mguu kutoka pembeni, huku na huku, akavuta tena. Akaingiza mtaimbo chini ya kikalio akaning'inia juu yake, na mbao za kikalio zikapasuka, lakini mguu haukusogea hata unene wa ukucha. Akatazama ng'ambo. Shuka lilikuwa bado linapepea, na upepo ulikuwa umeanza. Alijiambia huenda ni mtu mwingine. Aliomba, na hili alikuja kulikiri mwenyewe, kwamba awe mtu mwingine yeyote, mtoto wa mtu mwingine. Kisha akawasha mashine akavuka na kiti chake.

Alimtambua Manase kabla hajafika nusu ya ziwa, kwa jinsi alivyosimama ndani ya maji hadi kiunoni akimngojea.

Marietha alikuwa kwenye machela, kanga ya chini imelowa damu. Dorkas hakupoteza maneno. Alisema ni kama mara ile, ila damu ni nyingi zaidi, na mtoto bado anacheza tumboni, amemsikia sasa hivi. Alazwe, miguu iwe juu, waende. Kisha akakiona kiti.

"Kitoe," akasema.

Mughwai alisema hakitoki.

Manase aliruka botini bila kuuliza. Walikishika wawili, mmoja akizungusha na mwingine akivuta, mishipa ikawatoka shingoni, na wanaume wengine wawili wakaja wakaongeza mikono. Boti yote ilizunguka majini pamoja nao. Mmoja akaleta shoka ili wakipasue kikombe, na Mughwai ndiye aliyelishika shoka likiwa hewani, kwa kuwa boliti za kikombe zilipita sakafuni na kukivunja kulikuwa kuifungulia boti maji. Walijaribu kuiweka machela juu ya kingo za boti, na wimbi la kwanza likaonyesha kwamba watamtupa mgonjwa ziwani. Muda ulikuwa unakwenda, na kila mtu pale alikuwa akiuona ukienda kwenye ile kanga.

Dorkas akaamua. Marietha akateremshwa kutoka kwenye machela, akakalishwa sakafuni, mgongo wake ukaegemea mguu wa kiti, magoti yakakunjwa hadi karibu na kifua kwa sababu mbele yake kulikuwa na ubao wa boti na hapakuwa na nafasi nyingine. Dorkas alikaa ubavuni mwake akimkandamiza kwa vitambaa. Manase alibaki na Sara, maana boti isingebeba zaidi katika upepo ule.

Kuvuka kulichukua karibu saa nzima. Mawimbi yalikuja ya ubavuni, na kila moja lilipopiga, Marietha alijibana kwenye ule mguu. Hakupiga kelele. Mughwai alikuwa nyuma, mkono kwenye usukani, akiutazama mgongo wa binti yake ukigonga chuma alichokikaza yeye mwenyewe. Karibu na katikati ya ziwa Dorkas aliweka sikio tumboni, akakaa hivyo muda mrefu, akainuka, akarudi kwenye vitambaa vyake.

Hospitalini walimwokoa Marietha. Mtoto alikuwa mvulana, alitoka amekwisha kufa, na daktari alisema hatakuwapo mwingine. Mughwai alimzika mjukuu wake siku ileile alasiri, katika makaburi ya misheni, yeye na mchimbaji tu, kwa kuwa ziwa lilikuwa limechafuka na Manase hakuweza kuvuka.

Siku ya tatu Ndugu Chrispin alikuja kutoa pole. Macho yake yalikuwa mekundu, na nasema tena hakuwa mtu mbaya. Alisema mgeni ameahirisha ziara hadi kiangazi. Alisema ametakiwa kuandika maelezo, na kwamba ameshayaandika: kutu. Maji ya ziwa hili kila mtu anayajua, hakuna atakayeuliza zaidi, na mzee atabaki na kazi yake. Kuhusu maagizo yake mwenyewe hakutaja kitu, na kuhusu ngozi hakutaja kitu. Alimsomea karatasi ile polepole, kisha akangojea. Mughwai aliitikia kwa kichwa. Nimefikiri sana juu ya kuitikia kule, na sijui kama mimi ningefanya tofauti.

Kisha Mughwai alichukua bakuli la uji alilolitoa nyumbani, akaingia wodini. Marietha alikuwa ameamka, uso wake umekuwa mdogo. Walisalimiana. Akamuuliza habari za Sara, Mughwai akasema yu salama kwa baba yake. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha jirani kilichokuwa wazi, bakuli mikononi, akaukoroga uji.

"Marietha," akasema, "wataandika kwamba ni kutu. Si kutu. Ni mimi niliyekikaza, kwa ngozi, kama mpini wa jembe. Na nilijua kimekataa kutoka tangu mwezi uliopita. Nilijua, nikanyamaza."

Marietha alitazama dari.

"Najua, baba," akasema. "Nimekiegemea kutoka kule mpaka huku. Mawimbi yote yale, hakikutikisika hata mara moja."

Kisha binti yake alinyoosha mkono akaomba uji, naye akampa, akamshikilia bakuli mpaka lilipokwisha.